Mchezaji ana haki ya kunyamaza, tuwacheni kumlazimisha aseme

Mwana_Langoni
Salaam aleikum wadau. Kuna jambo lanikera tangu Disemba 2025, usiku ule Liverpool walipotoka 3-3 na Leeds. Salah alikaa benchi mwanzo mwisho. Mechi ilipokwisha akasimama mbele ya waandishi, akasema ametupiwa lawama za timu nzima na kwamba yeye na kocha Arne Slot hawana uhusiano tena. Asubuhi yake hapa Lamu, kabla kahawa haijapoa, baraza zilikuwa zimeshamhukumu. Hana adabu. Amekuwa mkubwa kuliko klabu. Huyu ni mtu aliyefunga mabao 29 na kutoa pasi za mabao 18 katika ligi msimu wa 2024/25, na Liverpool wakatwaa ubingwa.

Msimamo wangu ni kwamba tabia za wachezaji hazijaharibika kama tunavyodai. Kilichoharibika ni mtindo wa kumvizia mtu akiwa bado na jasho na uchungu, kumtia maikrofoni mdomoni, halafu kumuuza kwa jawabu alilolitoa. Na asiposema pia anaadhibiwa. Mwaka 2021 Naomi Osaka alitangaza mapema kwamba hatafanya mikutano ya waandishi kwenye French Open kwa ajili ya afya ya akili yake. Akapigwa faini ya dola 15,000, waandaaji wa mashindano makubwa yote manne ya tenisi wakamtishia adhabu zaidi, akaamua kujitoa. Alikuwa na miaka 23. Marshawn Lynch wa Seattle, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, alitozwa dola 100,000 mwaka 2014 kwa kukataa kuongea. Mwanzoni mwa 2015, kuelekea fainali yao ya Super Bowl, akaja akakaa kwenye kiti na kila swali akalijibu kwa sentensi moja, kwamba yuko pale asije akatozwa faini. Dunia nzima ikacheka. Mimi sikuona cha kuchekwa.

Mwenye rai aseme.

Kipa_wa_Shela
Aleikum salaam. Ndugu yangu, mfano wako wa kwanza unakuangusha. Salah hakulazimishwa na mtu. Yeye ndiye mchezaji mgumu kuliko wote kusimama pale waandishi wanapongoja, wengi wao wamezoea kumuona akipita tu. Akisimama ujue amekusudia. Novemba 2024 baada ya kuwafunga Southampton 3-2 alisimama vilevile, akasema hajapewa mkataba mpya na anaona yuko nje kuliko ndani. Aprili 2025 mkataba ukaja. Sasa niambie nani alimtumia nani hapo.

Binti_Mkunguni
Kipa umesema kweli. Na kabla ya hapo, Aprili 2024 walipotoka 2-2 na West Ham, alizozana na Klopp, kocha wao wa wakati huo, pembeni mwa uwanja, waandishi wakamuuliza, akawaambia akisema kutawaka moto. Akaenda zake. Siku hiyo alinyamaza na bado kichwa cha habari kilikuwa yeye. Kwa hiyo Mwana_Langoni ana nusu ya haki: kunyamaza kwenyewe siku hizi ni habari.

Dogo_Maweni
Nawasalimu kutoka Malindi. Mimi naona wote mnazunguka. Tatizo ni sisi mashabiki, na ndani yetu tatizo ni kubeti. Zamani timu ikifungwa unalala na huzuni. Siku hizi unalala umepoteza pesa ya unga, na unataka mtu wa kumlipisha. Kibandani kwetu hapa Maweni nimeona kwa macho yangu: mpira haujaisha, kijana ashaingia kwenye ukurasa wa mchezaji kumtukania mama yake kwa Kiswahili, eti kwa sababu amekosa penalti.

Na si Malindi pekee. Juni 2025 kule Philadelphia mtu mmoja alimfuata Gabby Thomas, bingwa wa Olimpiki wa mita 200, akawa anampigia kelele pembeni mwa uwanja, kisha akajisifu mtandaoni kwamba kelele zake ndizo zilizofanya mkeka wake ushinde. Kampuni ya kubeti ikamfungia. Mchezaji anayetukanwa hivyo kila wiki, akija akajibu kwa hasira, mwasema hana adabu?

Mzee_wa_Alaskan
Vijana, hamjambo. Mimi mpira nimeanza kuufuata kwa redio, na nataka niwaambie jinsi ulivyokuwa, kwa sababu nasikia mara nyingi ikisemwa kwamba wachezaji wa zamani walikuwa na heshima.

Kenya ilichukua Kombe la Chalenji, lile la Afrika Mashariki na Kati, mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Golini alikuwa Mahmoud Abbas, mtoto wa Mombasa, kipa wa AFC Leopards, tukimwita Kenya One. Sisi Wapwani tulikuwa tukitembea vifua mbele kwa ajili yake. Lakini je, tulijua Abbas akila nini, akigombana na nani, akilipwa ngapi? Hatukujua chochote. Tulichokijua ni sauti ya mtangazaji: mpira uko kwa nani, umepigwa wapi, umedakwa. Leonard Mambo Mbotela, Mungu amrehemu, aliyetutoka Februari 2025, alikuwa akikutangazia mechi mpaka unaona nyasi. Na yuleyule ndiye aliyekuwa na kipindi cha Je, Huu ni Uungwana? tangu 1966. Tabia alizikemea kwenye kipindi chake: watu wanaosukumana kwenye foleni, wanaosikiliza maneno yasiyowahusu. Kwenye mpira alitangaza mpira. Vitu viwili vilikuwa na nyumba mbili.

Wachezaji walevi walikuwepo. Wakorofi walikuwepo. Waliopigana na marefa walikuwepo, mimi mwenyewe nimeona hapa Malindi uwanja wa Alaskan refa akivuliwa filimbi. Hakuna aliyeandika. Kwa hiyo msiwatukane vijana wa sasa kwa kuwafananisha na watu ambao hatukuwajua.

Kipa_wa_Shela
Mzee heshima yako. Lakini Cantona wa Manchester United alimrukia shabiki wa Crystal Palace kwa teke 1995 na dunia nzima ikaona. Alifungiwa mwaka mzima, na huo si wakati wa simu za mkononi.

Mwalimu_Mpeketoni
Si mwaka mzima. Tukio lilikuwa Januari 25, 1995, na alifungiwa mpaka mwisho wa Septemba, kama miezi minane. Oktoba mosi akarudi dhidi ya Liverpool, akafunga penalti, mechi ikaisha 2-2. Hoja yako ya kamera lakini inasimama.

Ummu_Rayyan
Nimewasoma wote na naona uzi mzima umekaa Ulaya. Hebu turudi Kenya. Mnalia kwamba waandishi wanauliza sana. Mimi nalia kwamba wa kwetu hawaulizi.

Agnes Tirop aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani, mbio za wanawake peke yao, dakika 30 na sekunde 1, kule Ujerumani Septemba 12, 2021. Magazeti yote yakaandika muda, medali, mapokezi. Oktoba 13 mwaka huohuo akakutwa ameuawa nyumbani kwake Iten. Mwezi mmoja tu! Ndipo ghafla kila mtu akaanza kuuliza: pesa za wanariadha wa kike zinashikwa na nani, nyumba zimeandikwa jina la nani, nani anawapiga. Wanariadha wenzake ndio walioanzisha Tirop's Angels kusaidia wanawake walio katika hali hiyo. Si chama, si gazeti. Na Septemba 2024 tukaja tukampoteza Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa akiishi Trans Nzoia, wiki chache baada ya kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris. Alichomwa moto.

Mimi nina binti anayekimbia shuleni na anapenda sana. Simtakii mwandishi wa kumwambia "hongera dada, unawaambia nini mashabiki". Namtakia mwandishi atakayerudi mara ya pili na ya tatu kumuuliza yuko salama au hayuko. Mwana_Langoni, haki ya kunyamaza unayoipigania ndiyo iliyowaziba midomo wengi.

Mwana_Langoni
Dada Ummu Rayyan, nimekusikia vizuri. Lakini ninayemlaumu mimi ni yule wa dakika tano baada ya mechi. Mwandishi wa kurudi mara ya tatu sina ugomvi naye, wala simuoni. Nionyesheni alipo.

Mwalimu_Mpeketoni
Nakuonyesha mmoja, na alikuwa wa dakika chache baada ya mbio. Oktoba 13, 2024, Ruth Chepngetich alikimbia Chicago kwa saa 2:09:56, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Kwenye mkutano wa waandishi Mmarekani mmoja akamuuliza awaambie nini watu wanaoshuku muda ule kwa sababu ya dawa. Mnakumbuka jinsi tulivyomshambulia yule mwandishi? Mimi nilikuwa kwenye makundi ya WhatsApp, kila mtu alisema ni wivu, ni dharau kwa Mkenya. Julai 2025 Chepngetich akasimamishwa, Oktoba akafungiwa miaka mitatu.

Kabla yake, Jemima Sumgong, Mkenya wa kwanza wa kike kushinda marathoni ya Olimpiki, Rio 2016, alikamatwa na EPO, dawa iliyokatazwa ya kuongeza damu, mwaka uliofuata. Asbel Kiprop naye EPO. Wilson Kipsang alifungiwa kwa kutopatikana alipotakiwa kupimwa. Hawa wote walipokewa uwanja wa ndege kwa maziwa ya mursik na kamera, na sikumbuki swali gumu.

Dogo_Maweni
Na rekodi ya Chicago ikafutwa.

Mwalimu_Mpeketoni
Haikufutwa. Sampuli iliyomponza ni ya Machi 14, 2025, na yaliyofutwa ni matokeo ya kuanzia siku hiyo. Ya Chicago ilibaki. Kuna wanaoona hilo si haki, lakini ndivyo lilivyo.

Binti_Mkunguni
Hapo ndipo napata shida na pande zote. Swali lile lilitokea kuwa na msingi. Je, lingekuwa sawa kama angekuwa msafi? Faith Kipyegon naye alivunja rekodi tatu za dunia mwaka 2023. Tumuulize pia, kila mara, kwa sababu tu ni Mkenya? Hakuna mzungu anayeshinda akaulizwa swali la kwanza hilo.

Na mkitaka kuzungumzia tabia, mzungumzieni huyo Faith. Paris 2024, mita 5,000, wakagusana na Gudaf Tsegay wa Ethiopia, akamaliza wa pili, waamuzi wakamnyang'anya medali ya fedha, Kenya ikakata rufaa, wakamrudishia. Hakumtukana mtu. Siku tano baadaye akachukua dhahabu ya mita 1,500, ya tatu mfululizo ya Olimpiki. Ule ni moyo wa chuma. Lakini angalieni, siku ile angelia na kulalama angekuwa na haki, na sisi tungemwita mkosefu wa adabu.

Mama_Wawili
Shosti hapo umegusa. Mimi naona ni malezi. Ulaya mtoto anachukuliwa na klabu akiwa na miaka minane, tisa, anafundishwa mpira na kusifiwa, akifika ishirini ana pesa za kijiji kizima na hajawahi kuambiwa hapana na mtu anayemheshimu. Waandishi hawamharibu huyo, wanamkuta ameshaharibika. Faith amekulia kwao, na amezaa, akarudi kukimbia. Ana mambo mengine maishani.

Kipa_wa_Shela
Mama, malezi hayaelezi mambo ya mshambuliaji Alexander Isak. Ametoka akademi ya Sweden, mtu mtulivu, hakuwahi kusikika. Kiangazi cha 2025 akagoma kuichezea Newcastle, akaandika mwenyewe Instagram kwamba ahadi zilivunjwa, na Septemba mosi akatua Liverpool kwa pauni milioni 125. Hakuulizwa na mwandishi yeyote. Ronaldo 2022 vilevile: alimchagua mtangazaji Piers Morgan, akaisema Manchester United yote, kabla Novemba haijaisha mkataba ukavunjwa. Haya ni mambo ya mawakala. Wanajua siku ya kusema, mahali pa kusema, na bei ya kusema. Mwandishi siku hizi ni tarishi wao.

Boti_ya_Matondoni
Yana nilikuwa baharini, yeo ndio nasoma. Mwaniruhusu niseme la kwetu? Mato yenu yote yako Ulaya na Eldoret.

Timu yetu ilicheza fainali hapa uwanja wa Twaif. Tulishinda kwa matuta. Mwisho kukawa na msukumano kidogo, refa akautuliza, watu wakapeana mikono. Siku ya pili kituo kimoja cha redio kikatangaza kwamba vijana wetu walimpiga refa na mechi ikavunjika. Wallahi hakukuwa na mwandishi hata mmoja pale. Mtu fulani alipiga simu, wao wakasoma. Straika wetu alikuwa ameahidiwa majaribio na timu ya bara. Wakamwambia hawataki wachezaji wa fujo. Hakuna aliyekuja kusahihisha. Mpaka yeo yule kijana anavua samaki, na ukimtajia mpira anaondoka barazani.

Salah akionewa ana wakala, ana mawakili, ana wafuasi wa kumtetea mpaka hapa Lamu. Huyu wa kwetu ana nani?

Ummu_Rayyan
Pole sana kaka. Hili limenichoma.

Mzee_wa_Alaskan
Nami nakupa pole. Na jambo hili si geni. Pwani hii inaandikwa na mtu aliyeketi mbali. Zamani gazeti likifika Malindi jioni, tulikuwa tukisoma matokeo ya mechi tuliyoitazama wenyewe na tukakuta wafungaji si wao. Tulikuwa tukiandika barua kwa mhariri. Zipo zilizochapishwa.

Jahazi_la_Mkomani
Nyinyi Matondoni mlishinda kwa matuta kwa sababu kipa wetu alikuwa harusini. Hilo nalo redio haikutangaza 😂 Lakini kwa hakika kijana yule ni fundi, na alidhulumiwa.

Boti_ya_Matondoni
Kipa wenu hata angekuwepo angeyaokotea wavuni. Tungojane mashindano ya majahazi, huko hakuna wa harusini.

Jahazi_la_Mkomani
Huko nako kila mwaka kuna nahodha anayedai amezibiwa upepo. Afadhali wachezaji wa Ulaya! Mbio za punda wakati wa Maulidi ndizo zenye amani, kwa sababu punda hahojiwi.

Dogo_Maweni
Jahazi unatutoa kwenye njia bwana. Nirudi kwa mashabiki, maana hoja yangu haijajibiwa. Kelvin Kiptum, mshika rekodi ya dunia ya marathoni, alipofariki kwa ajali ya gari Februari 2024, watu waliingia kwenye kurasa za Eliud Kipchoge wakamhusisha na kifo kile bila chembe ya ushahidi. Mei mwaka ule alieleza BBC jinsi alivyotishiwa yeye na familia yake, na jinsi alivyopoteza marafiki wengi. Huyu ni mtu aliyekimbia chini ya saa mbili Vienna 2019, mpole kuliko wote mliowataja. Hakuna mwandishi aliyeanzisha lile. Hakuna wakala. Ni sisi, kwa simu zetu.

Na CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Agosti 2025 je? Harambee Stars waliwapiga DR Congo na Morocco, tukaimba. Kila siku gumzo lilikuwa milioni moja aliyoahidi rais kwa kila mchezaji kwa kila ushindi, kama kwamba vijana wale wanakimbilia hiyo tu. Madagascar walipotutoa kwa penalti, waliokosa wakafuatwa mpaka kwenye picha za watoto wao.

Binti_Mkunguni
Dogo, waandishi hawakuanzisha lile la Kipchoge, lakini walilipa miguu. Kurasa ngapi zilirudia ule uvumi kwa alama ya kuuliza mwishoni, ili wasishtakiwe? Shabiki anatukana peke yake kibandani, ukurasa ndio unaompa watu laki moja wa kumsikiliza.

Mwana_Langoni
Ahsanteni, mmenipa mengi. Kipa, nakubaliana nawe kwamba wakubwa wanapanga maneno yao. Ndiyo maana nasema kanuni ya kulazimisha haina faida kwa mtu: Salah na Isak hawaihitaji, wanasema wanapotaka. Inayembana ni Osaka, na ni yule mtoto wa miaka 19 aliyejifunga bao mechi ya kwanza. Ningekuwa na mamlaka ningeweka saa 24. Swali lolote, hata la dawa, hata la Chicago, liulizwe kesho yake, mtu amelala, amekula, na ajibu au asijibu. Hapo jawabu lina thamani.

Mwalimu_Mpeketoni
Kesho yake atakuwa ameandikiwa la kusema na wakala. Utapata ukurasa wa matangazo.

Mwana_Langoni
Afadhali tangazo kuliko jeraha, Mwalimu.

Ummu_Rayyan
Mimi sikubali. Binti yangu akiwa na la kusema, nataka kuwe na mtu wa kumsikiliza saa ileile, kabla mtu mwingine hajamwambia anyamaze.

Mama_Wawili
Boti, huyo straika wa Matondoni ana umri gani? Shemeji yangu ni kocha wa timu moja ya mtaa Mombasa, wanatafuta mshambuliaji. Nitumie ujumbe faraghani.

Boti_ya_Matondoni
Ana 22. Nakutumia sasa hivi. Jazakallah kheri dada.

Kipa_wa_Shela
Na kuna mmoja hatujamgusa kabisa: refa. Mchezaji anahojiwa, kocha anahojiwa kabla na baada, refa aliyetoa kadi nyekundu ya uongo anaingia gari lake anaenda. Mzee wa Alaskan, yule aliyevuliwa filimbi alikuwa amefanya nini?

Mzee_wa_Alaskan
Alikataa bao lililopita chini ya wavu uliotoboka. Lilikuwa bao. Nilikuwa nyuma ya goli.